Genge Halifi kwa Kuvushwa Mpaka

Hotuba ya idara ya polisi jamii kwa wakazi wa mitaa ya mpakani

 

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya magenge ya vijana. Katika vikao vya mitaa kuna kauli moja inayorudiwa kuliko zote: "Hawa wahuni si wa kwetu, wametoka ng'ambo." Tunaisikia upande huu wa mpaka. Wenzetu wa upande wa pili, tunapokutana nao katika vikao vya pamoja, hutuambia kwamba nao huisikia kwa wananchi wao, karibu neno kwa neno. Basi ikiwa kila upande unasema wahuni wametoka upande wa pili, ama vijana hawa wameshuka kutoka mawinguni, ama wamezaliwa katika nyumba za pande zote mbili.

Tunalotaka kulisema ni hili. Genge huota mahali ambapo uchumi umempita kijana bila kumwona. Na kumsukuma kijana huyo avuke mpaka hakulimalizi genge. Hulichukua tu na kulipeleka kwa jirani, na aghalabu hulirudisha likiwa na nguvu kuliko lilivyoondoka. Tutaonyesha hayo kwa mambo yaliyotokea katika miji mingine, kisha tutarudi hapa kwetu na kukiangalia kitu ambacho karibu kila mmoja wenu anacho mfukoni sasa hivi, yaani simu ya mkononi.

Uchumi unaochagua

Wataalamu huuita uchumi wa zama zetu uchumi wa habari. Si kwamba watu wameacha kulima, kuvua au kuchimba. Maana yake ni kwamba faida kubwa siku hizi huwaendea wale wanaomiliki maarifa, programu za kompyuta, na mitandao inayopitisha fedha kutoka bara hadi bara kwa kufumba na kufumbua. Mwanasosholojia Manuel Castells, mzaliwa wa Hispania, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha juzuu tatu kilichotoka kati ya mwaka 1996 na 1998. Kwa ufupi, alionyesha kwamba mitandao hii huunganisha kila chenye thamani kwake na kukiruka kila isichokihitaji. Mstari huo wa kuunganishwa na kurukwa haupiti kati ya nchi tajiri na nchi maskini peke yake. Hupita katikati ya mji mmoja, kati ya mtaa na mtaa.

Mji wa Chicago nchini Marekani ni mfano ulio wazi. Kwa miaka mingi upande wake wa kusini uliishi kwa chuma. Kiwanda kimoja cha huko, kilichoitwa South Works, kilipokuwa katika kilele chake kiliajiri watu wapatao 20,000. Baba asiye na elimu kubwa aliweza kuingia langoni kwa nguvu za mikono yake na kutoka na mshahara wa kulea watoto. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1992. Na katika mwaka huohuo, katikati ya mji uleule, soko la fedha la Chicago lilianzisha mfumo wa kuuza na kununua kwa kompyuta. Mji ulikuwa ukitajirika na kufukarika kwa wakati mmoja. Lakini aliyetajirika na aliyefukarika hawakuwa mtu mmoja, wala hawakuishi mtaa mmoja.

Katika upande huo wa kusini palikuwa na nyumba za serikali zilizoitwa Robert Taylor Homes, majengo 28 yenye ghorofa 16 kila moja, yaliyokamilika mwaka 1962. Kazi ilipoondoka, genge liliingia. Liliuza dawa za kulevya, likaweka walinzi wake, likatoza ushuru wake, likawa ndilo mwajiri wa vijana wasio na mwajiri mwingine. Watu wengi hudhani kwamba vijana wa magenge hutajirika. Mwanasosholojia Sudhir Venkatesh na mchumi Steven Levitt walipata daftari za hesabu za genge moja la mji huo, wakazichunguza, na mwaka 2000 wakachapisha waliyoyaona. Viongozi wachache walipata fedha nyingi. Kijana wa chini, yule anayesimama kona ya barabara na kukabili risasi na pingu, alipata kwa saa ujira ulio chini ya kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria za Marekani. Wengi waliendelea kuishi kwa mama zao. Hatari ya kuuawa ilikuwa kubwa mno: katika kila vijana 100, watu wapatao 7 kwa mwaka.

Tunawaomba wazazi walishike jambo hilo. Genge limefanana sana na uchumi uliomtupa kijana: faida hupanda juu, na hatari hubaki chini. Mwanao hakimbilii utajiri akiingia humo. Anakimbilia kuhesabiwa, kuitwa jina, kupewa kazi na zamu. Ni haja ya haki, ila amekwenda kuitafuta mahali pabaya.

Serikali ya mji iliyabomoa majengo yale, na la mwisho likaangushwa mwaka 2007. Wakazi walitawanyika katika mitaa mingine, na vijana wa magenge mbalimbali wakajikuta wamekuwa majirani. Saruji ilibomolewa kwa miaka michache. Lakini kilichowaleta vijana pamoja hakikuwa saruji.

Magenge yaliyosafirishwa kwa ndege

Mfano wa pili unawahusu watu wa mpakani zaidi. Nchi ndogo ya El Salvador, katika Amerika ya Kati, ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1980 hadi mwaka 1992, na watu wapatao 75,000 wakapoteza maisha. Wengi walikimbilia Marekani, hasa Los Angeles. Watoto wao walikulia katika mitaa ya mafukara iliyokwisha kuwa na magenge. Baadhi yao walijiunga na genge la Mtaa wa 18, lililokuwapo kabla yao. Wengine wakaunda genge lao wenyewe, linalojulikana duniani kwa jina la MS-13. Lilizaliwa Los Angeles, kwa watoto wa wakimbizi. Halikuzaliwa El Salvador.

Baada ya vita kwisha, Marekani ilianza kuwarudisha kwao, na sheria ya mwaka 1996 ikapanua mno idadi ya makosa yanayomfanya mgeni afukuzwe. Maelfu walipandishwa ndege. Wapo waliokuwa wameondoka wachanga hata hawakuijua nchi waliyoambiwa ni yao. Walishuka katika nchi iliyotoka vitani, yenye silaha nyingi na kazi chache, isiyokuwa na mpango wa kuwapokea. Kitu pekee walichobeba kilichokuwa na maana pale ni genge. Los Angeles ilidhani imeondoa tatizo. Kumbe ilikuwa imepanda mbegu.

Serikali ya El Salvador ilijibu mwaka 2003 kwa siasa iliyoitwa ya mkono wa chuma: kamata kila kijana mwenye chale za genge. Magereza yalijaa, na magenge yakajipanga upya humo humo gerezani. Mwaka 2015 watu zaidi ya 6,600 waliuawa katika nchi yenye wakazi wapatao milioni 6. Tangu Machi 2022 nchi hiyo imetawaliwa kwa amri ya hali ya hatari, na watu zaidi ya 80,000 wamewekwa kizuizini. Ni kweli kwamba mauaji yamepungua sana, na wananchi wengi wamefurahi kutembea tena jioni. Hatuwezi kulificha hilo. Lakini ni kweli pia kwamba mashirika ya haki za binadamu yameandika habari za watu waliokamatwa bila kosa na wengine waliofia kizuizini. Nchi iliyoliacha genge likue kwa miaka ishirini imelipa bei ambayo hata wasio na hatia wanailipa. Wahenga wetu walikwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mto mmoja, miji miwili

Tusidhani haya ni mambo ya mbali. Kinshasa na Brazzaville ni miji mikuu miwili inayotazamana, na kati yake ni Mto Kongo tu. Mitaani Kinshasa wako vijana waitwao kuluna, wanaotisha watu kwa mapanga na kuwanyang'anya fedha na simu. Mateso ya wananchi ni ya kweli, na haja yao ya kulindwa ni ya haki. Novemba 2013 ilianzishwa huko operesheni iliyoitwa Likofi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2014 ilieleza kwamba katika miezi mitatu ya operesheni hiyo watu wasiopungua 9 waliuawa bila hukumu ya mahakama, na 32 walitoweka.

Ng'ambo ya mto, Aprili 2014, Brazzaville ilianzisha operesheni yake ya kuwafukuza raia wa Kongo Kinshasa wasio na hati, ikitoa sababu kwamba uhalifu, ukiwamo wa kuluna, ulikuwa umevuka mto. Katika miezi michache watu zaidi ya 130,000 walirudi Kinshasa. Humo walikuwamo akina mama wauza samaki, waashi, wanafunzi, na watoto wa kunyonya. Tujiulize: katika umati huo, wahalifu walikuwa wangapi? Na waliokuwa wahalifu waliwekwa wapi, isipokuwa ukingoni mwa mto uleule, karibu na mitaa ileile waliyotoka? Na kuluna wapo hata leo.

Sisi askari tunajifunza jambo moja zito katika habari hizi. Mahali ambapo mtu aliyekamatwa anaweza kutoweka, mama hataleta habari za mwanawe. Atamficha. Na shahidi aliyeona kwa macho yake atasema hakuona. Polisi asiyeletewa habari ni kama mvuvi asiye na wavu: hata akikesha ziwani, atarudi mikono mitupu. Kwa hiyo tunaposema kila aliyekamatwa afikishwe mahakamani, hatusemi hivyo kwa kuwahurumia wezi. Twasema hivyo kwa sababu bila hivyo ninyi hamtatuamini, na bila ninyi sisi hatuoni.

Simu iliyovuka

Sasa turudi kwetu, iwe ni Mpondwe au Kasindi, Gatumba au Kavimvira, Gisenyi au Goma. Ndani ya simu ya mkononi mna madini yanayotokana na koltani, ambayo huchimbwa katika milima ya ukanda wetu huu. Kijana wa hapa huichimba kwa sururu na koleo, akalipwa ujira wa kubahatisha. Madini huenda zake ng'ambo ya bahari, hurudi yakiwa simu, na bei ya simu hiyo yaweza kuzidi mapato ya mchimbaji kwa miezi kadhaa. Hivyo kijana wetu yuko mwanzoni mwa mnyororo wa uchumi wa habari, pale penye jasho jingi na faida haba. Halafu wako wanaomngoja mwishoni mwa mnyororo huohuo, wampe kazi nyingine: kupora simu.

Simu iliyoporwa leo si chombo tu. Mna laini ndani yake, na katika laini mna akiba ya mwenyewe, mkopo wake, na namba za jamaa zake wanaoweza kutapeliwa kwa jina lake. Simu ikifungwa katika mitandao ya nchi moja, yaweza kufanya kazi katika nchi ya pili ikiwa orodha za simu zilizofungwa hazikuunganishwa. Ndiyo maana mpaka una thamani kwa mwizi. Kijana huipora jioni. Mwingine huitoa fedha. Fundi asiye mwaminifu huifungua. Mfanyabiashara huivusha asubuhi, na simu inayokwenda upande ule hupishana njiani na simu inayokuja upande huu. Kwa hiyo ni uongo kusema wahuni ni wa ng'ambo. Genge hili ni la pande mbili, na limeshirikiana vizuri kuliko sisi.

Na mgawanyo wa fedha ni uleule wa Chicago. Aliyeipora, ambaye ndiye anayeweza kuchomwa moto na umati, hupewa sehemu ndogo kuliko wote. Anayeivusha na kuiuza hana hofu ya kipigo, kwa sababu hakuna ajuaye jina lake. Tukimpiga mporaji hata kufa, aliye juu yake atatafuta mwingine kabla ya jua kuchwa, maana vijana wasio na kazi hawajaadimika.

Tunaloahidi na tunaloomba

Kwanza tuseme wajibu wetu. Kila anayekamatwa, jina lake liandikwe katika kitabu cha kituo, na jamaa zake waambiwe alipo. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa mujibu wa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, naye ana utaratibu wake. Akiwa raia wa nchi ya pili, hatutamsukuma gizani kupitia njia za panya. Atakabidhiwa kwa utaratibu wa sheria, mkono kwa mkono, askari kwa askari, na jalada la kesi yake livuke pamoja naye. Ushirikiano wa namna hiyo una msingi: wakuu wa polisi wa kanda yetu wana shirika lao la pamoja, EAPCCO, lililoanzishwa mwaka 1998 mjini Kampala. Kazi iliyobaki ni kuushusha ushirikiano huo kutoka meza za wakuu hadi vituo vya mpakani.

Kwenu wananchi tunaomba mambo manne.

La kwanza, mnapoleta habari, tuleteeni tendo wala si asili ya mtu. Tuambieni nini kimetendeka, wapi, saa ngapi, na mtendaji amevaaje. Lafudhi si ushahidi, na kutokuwa na jamaa mtaani si kosa la jinai. Taarifa inayosema "ni wale wa ng'ambo" hutupeleka kwa watu elfu wasiohusika na kumwachia nafasi mmoja anayehusika.

La pili, acheni hukumu ya umati. Kijana aliyeuawa barabarani hawezi kututajia aliyemtuma. Kila anapochomwa mmoja, mnunuzi wa simu za wizi hushukuru, maana ushahidi dhidi yake umeteketea.

La tatu, tuuue soko. Bonyezeni *#06# katika simu zenu, namba ndefu itokee, mkaiandike na kuihifadhi nyumbani. Mkinunua simu iliyotumika, dai risiti na uone kitambulisho cha muuzaji. Usimsajilie mtu mwingine laini kwa jina lako, hata akikuahidi soda. Siku laini hiyo itakapotumika kwa utapeli, jina litakalosomwa ni lako. Ukiibiwa, ifunge laini kwanza kabla ya kuanza kumfukuza mwizi. Bei rahisi kupita kiasi ni damu ya mtu. Jirani yako amepigwa panga ili wewe upate nafuu hiyo.

La nne, nalo ndilo kubwa kuliko yote, wahesabuni vijana kabla genge halijawahesabu. Uchumi wa habari hauko mbali kama tunavyodhani. Mlango wake ulio karibu zaidi ni meza ya fundi simu, kibanda cha wakala wa fedha, duka la kuchapa na kunakili nyaraka. Kijana aliyekaa mwaka mmoja pembeni mwa fundi mwaminifu ana ujuzi anaoweza kuuvusha mpaka mchana kweupe, bila kumkimbia mtu. Hatusemi kwamba meza moja itaondoa ukosefu wa haki uliojengwa na dunia nzima. Wala kijana aliyekwisha kumjeruhi mtu hatasamehewa kwa sababu ni maskini; maskini wengi hawaibi, na aliyejeruhiwa naye aghalabu ni maskini. Twasema tu kwamba kila kijana anayepata meza ni nafasi moja iliyokosekana katika safu ya genge.

Na kwenu vijana, tusiwaseme kana kwamba hampo. Atakayekuja kwako na kukuambia kuna kazi ya usiku, mwulize swali moja: anayetuma kazi hiyo, mbona hatoki yeye? Ukipata jibu, utakuwa umekwisha kuiona daftari ya hesabu na kuijua sehemu yako ndani yake.

Basi tukubaliane jambo la kufanya, ili tusiagane kwa maneno matupu. Kabla ya kikao kijacho cha pamoja cha pande mbili, kila mtaa, huku na ng'ambo, uandae orodha mbili. Ya kwanza iwe ya mafundi na wenye maduka walio tayari kumpokea mwanagenzi mmoja. Ya pili iwe ya vijana waliomaliza au kuacha shule na hawana shughuli. Orodha hiyo ya pili haitaletwa polisi. Itabaki mikononi mwa wazee na viongozi wa mitaa, maana kukosa kazi si kosa, na hatutaki kijana ye yote aogope kuandikwa. Siku ya kikao, wazee wa pande zote mbili wataziweka orodha zao mezani na kuanza kulinganisha. Fundi wa upande huu akimpokea kijana wa upande ule, nasi tutalisaidia suala la hati zake za kuvukia.

 Maswali yenu tunayapokea sasa, na yale magumu yatangulie.